Kibuyu cha Rachel

Siku ya gulio Kwa Mrombo, ukitaka kusikika lazima upige kelele, na Silantoi alikuwa na spika. Aliining'iniza juu ya rundo la makoti ya mtumba, akaiacha iimbe nyimbo zake mwenyewe tangu asubuhi. Wateja hawakujua anayeimba ni nani, naye hakuwaambia. Alitaka aone nani atasimama kwa ajili ya wimbo, si kwa ajili ya koti.

Hakuna aliyesimama. Walipapasa, walivuta mikono ya makoti, walinusa makwapa, wakaenda zao. Hadi alipotokea kijana mrefu aliyechomekea shati la bluu, viatu vyake vinang'aa kana kwamba vumbi la Kwa Mrombo halimhusu.

"Dada, huu wimbo wa nani?"

"Unataka koti au unataka wimbo?"

"Vyote viwili."

"Wimbo hauuzwi. Koti hilo litakubana mabegani."

"Huyo dada ana sauti, lakini. Sauti inakushika shingo."

Silantoi alimkazia macho. Mteja anayesifu kabla hajauliza bei ana lake jambo. "Kaka, ukisifu wimbo sikupunguzii kitu."

"Ohoo! Kumbe ni wewe!"

"Nimesema ni mimi?"

"Umeona haya. Muuzaji gani anaona haya kwa wimbo wa mtu mwingine?"

Kijana aliitwa Aristides. Mchana aliuza misumari na saruji katika duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, karibu na soko la Kilombero. Jioni aliandika blogu ya muziki iitwayo Sikio la Kaskazini. Silantoi aliposikia jina hilo akaacha kukunja nguo.

"Nyie! Niliwatumia nyimbo zangu tangu masika. Na picha, na maelezo."

"Zinakuja nyingi, dada yangu."

"Hukufungua."

Aristides alikuna kidevu. "Sikufungua."

Jibu hilo lilimuudhi, na lilimfurahisha pia. Blogu nyingine zote alizoziandikia, nusu zilikaa kimya kama kaburi, nusu zilimtaka atume kwanza hela ya bando. Huyu angalau amekiri. Akamuuzia koti la kahawia, wakapeana namba. Usiku ule alijiambia wazi: mwanamume huyu anaweza kunifaa, kwa hiyo nisimpende.

Haikuwezekana. Mapenzi hayaombi ruhusa, na Aristides alikuwa na maneno.

"Mamii, umekula?" alimpigia kila mchana, nyuma yake misumari ikimiminwa kwenye mizani.

"Nimekula. Nyimbo zangu umesikiliza?"

"Nasikiliza. Hiyo kengele mwanzoni mwa wimbo wa kwanza mmeipata wapi? Tamu sana."

Kwa kweli ilikuwa ni kijiko na mfuniko wa sufuria, alivyovigonga yeye mwenyewe studio kwa mtayarishaji wake, Meitamei, pale Ngaramtoni. Lakini Silantoi alipenda kumtania huyu Mchaga wa mjini aliyemjua ng'ombe kwa nyama tu. "Ni ya ng'ombe wetu, anaitwa Waziri. Meitamei alimleta mpaka mlangoni pa studio, tukamlisha majani ili atikise shingo."

"Acha wewe!"

"Haki ya nani. Ila usimwambie mtu, ni siri ya kazi."

"Siri yako ni yangu, mpenzi."

Akakata simu, akacheka peke yake hadi muuza viazi wa jirani akamuuliza kama ameokoka.

Ila nyuma ya kicheko palikuwa na jambo zito. Mama yake, Esther, aliyeishi Olmotonyi na ng'ombe wake na migomba yake, alikuwa amemtafutia binti yake kazi ya kudumu jikoni katika chuo kilicho jirani. Silantoi alikuwa ameomba asubiriwe kidogo. Mama akampa sharti moja tu.

"Mimi nikikusifu, ni mama yako. Kwaya ikikusifu, mnaimba pamoja. Huyo Meitamei umemlipa. Nitafutie mtu mmoja asiyekujua, ambaye hajala kwako, aseme wimbo wako una maana. Ukimpata, imba. Ukimkosa, vaa aproni."

"Yeyo, huyo mtu nitamtoa wapi?"

"Hilo swali ndilo jibu lenyewe."

Kwa hiyo Sikio la Kaskazini halikuwa jambo la kuonekana mtandaoni tu. Lakini wiki zilipita na Aristides hakuandika. Alimpeleka kula mishikaki, alimnunulia kitenge cha kijani kilichompendeza hadi wanaume walijikwaa barabarani, alimshika mkono hadharani. Kuandika, hakuandika.

"Aristides, unaniona mjinga? Unaninyooshea pipi ili nikufuate?"

"Bebi, nitaandikaje sasa? Wewe ni mpenzi wangu. Watu watasema namsifu mwanamke wangu."

"Ungeandika kabla hujanitongoza."

"Ningeandika kabla, ungesema nimekununua kwa makala."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana ilichoma. Mwishowe Aristides akasema kuna mwandishi mwenzake, Rachel, yuko Moshi, mtu makini, hana upendeleo. Atamtumia nyimbo bila jina wala picha. "Sitamwambia neno juu yako. Akipenda ataandika, asipopenda basi."

"Huyo Rachel ni mzuri?"

"Anaandika vizuri."

"Sikukuuliza kuandika."

Makala ikatoka siku ya Jumatatu. Silantoi aliisoma amesimama, kisha amekaa juu ya rundo la makoti, kisha tena amesimama. Rachel alisema sauti hiyo imetoka mlimani na haikuomba lifti. Alisema: *Simfahamu mwimbaji huyu, wala sijazungumza na yeyote anayemfahamu. Nimesikiliza nyimbo tu, na nyimbo zimenitosha.*

Alimsomea mama yake kwa simu. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wakilia.

"Rudia hapo aliposema hakujui."

Akarudia.

"Basi," alisema Esther. "Ile kazi nitawaambia wampe binti wa shangazi yako. Imba, mwanangu."

Kufikia Ijumaa binti wa shangazi alikuwa ameshavaa aproni.

Sasa kwa watu wa Silantoi, mtu akikutendea wema huridhiki kwa kumtumia ujumbe wenye picha ya maua. Unakwenda, na huendi mikono mitupu. Esther alijaza maziwa mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa mti wa oloirien, akakifuta, akakifunga kwa mkanda wa shanga. "Mpelekee huyo Rachel. Mwambie yametoka kwa mama."

Lakini Rachel hakuwa mtu wa kupatikana.

"Yuko Moshi, mpenzi."

"Moshi si Ulaya. Nitapanda basi."

"Ameenda Dodoma, kikazi."

Wiki iliyofuata: "Amerudi, ila anaumwa."

"Basi maziwa yatamfaa. Nipe namba yake."

"Hapendi namba yake itolewe ovyo."

Maziwa yakaharibika, Esther akajaza mengine. Ndipo wivu ulipoingia, ukakaa, ukavua viatu. Silantoi alianza kumwona Rachel kila mahali: Rachel mwenye kucha ndefu, Rachel mwenye gari dogo jeupe, Rachel anayecheka simu ya Aristides inapoita. Kwa nini mwanamke huyu afichwe? Na kwa nini Aristides hutaja jina lake upesi upesi, kama mtu anayevuka kaa la moto?

"Yeyo, nadhani ana mwanamke Moshi."

"Hilo ni dogo," alisema Esther huku akichambua mboga. "Mimi sijawahi kuona mtu anayekimbia shukrani. Mwizi hukimbia. Mdaiwa hukimbia. Mtu wa kushukuriwa hukimbia nini?"

Jibu lilikuja lenyewe, sokoni, kati ya mteja na mteja. Silantoi alifungua makala ile kusoma maoni ya wasomaji, kama alivyofanya kila siku. Msomaji mmoja alikuwa ameuliza: *Ile kengele ya mwanzo ni ala gani?* Na chini yake Rachel alikuwa amejibu kwa madaha: *Si ala! Ni kengele ya ng'ombe wao, Waziri. Walimlisha majani mlangoni pa studio ili atikise shingo.*

Silantoi alisoma mara moja.

Hakukuwa na ng'ombe Waziri. Hakukuwahi kuwa naye. Utani ule alimwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo aliapa kwamba hajamwambia Rachel neno.

Aliita muuza viazi amwangalizie makoti, akachukua kibuyu, akaondoka.

Dukani palikuwa na mafundi wawili wanasubiri nondo, na mjomba wa Aristides anapima waya. Silantoi aliingia amevaa kitenge chake cha kijani, kichwa juu, kibuyu kifuani kama mtoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimemletea Rachel maziwa yake."

Aristides alijaribu kutabasamu. "Bebi, Rachel yuko—"

"Yuko hapa." Akafungua mfuniko, akausogeza mdomo wa kibuyu mbele ya kidevu chake. "Kunywa, Rachel."

Fundi mmoja akaguna. Mjomba akaacha kupima waya.

"Silantoi, twende nje tuongee."

"Kunywa kwanza. Yametoka kwa mama yangu, aliyekaa nyumbani akimwombea huyo Rachel maisha marefu. Kunywa, halafu uniambie ng'ombe Waziri ana rangi gani."

Uso wa Aristides ulibadilika taratibu. Akashika kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa. Maziwa yakamwachia masharubu meupe, na hakuna aliyecheka.

"Nilitaka kukusaidia," alisema kwa sauti ndogo.

"Ungekuwa na mwanamke Moshi ningekuchukia, nikalia, nikapona. Hili nitaliponaje? Mtu mmoja asiyenijua alisema naweza kuimba. Mmoja tu! Nikaacha kazi kwa neno lake. Na mtu huyo ni wewe, uliyevaa gauni."

Akatoka. Kibuyu alikiacha.

Aristides alipiga simu, Silantoi hakupokea. Alituma ujumbe wa maneno, wa sauti, wa kulia. Silantoi akafuta vyote bila kufungua. Spika haikutundikwa tena juu ya makoti. Mama yake alipomwambia huenda jikoni pangepatikana nafasi nyingine mwakani, Silantoi hakubisha, na Esther, ambaye maisha yake yote alitaka mtoto asiyebisha, hakupenda alichokiona.

Jumamosi moja mchana, mbwa wakabweka. Aristides alikuwa anapanda njia ya Olmotonyi amevaa suti na lile koti la kahawia juu yake, viatu vimelowa tope hadi kwenye kamba. Mkononi alishika jani moja refu la kijani, amelinyoosha mbele yake kama mtu anayebeba mshumaa.

"Takwenya, yeyo," alisema. Ilionekana salamu hiyo ameifanyia mazoezi njia nzima.

"Iko," aliitikia Esther, akilitazama jani. "Umeng'oa uzio wa nani?"

"Mama, hili ni isale. Kwetu Rombo, ukimkosea mtu unampelekea jani hili. Nimemkosea Silantoi. Na wewe nimekukosea."

"Kwetu aliyekosa analeta kondoo."

"Naweza kuleta kondoo, mama."

"Nani amekuomba kondoo? Kaa chini, unawatia ndama hofu."

Silantoi alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Wachaga aliokaa nao sokoni walikuwa wamemwambia habari za isale: aliyeletewa halikatai, hata kama moyo bado unachemka. Alilichukua kwa vidole viwili.

"Nimepokea. Uongo wako nimekusamehe. Lakini hujanirudishia nilichokuwa nacho."

"Nitafanya nini, mpenzi? Sema."

Esther ndiye aliyesema. "Wewe kijana. Nyimbo za mwanangu ni nzuri au si nzuri? Usimwangalie yeye. Niangalie mimi."

Aristides alimgeukia. "Mama, sijui tena. Siku ya kwanza sokoni nilijua. Sasa nikizisikia namsikia yeye tu."

"Angalau hilo ni la kweli," alisema Esther, akaenda kukamua.

Silantoi alikaa kwenye kigoda kilichomwelekea Aristides. "Basi nenda ukazisikilize kama unanichukia. Halafu uandike kwa jina lako. Useme Rachel ni nani. Useme mimi na wewe ni nani. Na ubovu wote unaouona uuseme, mbele ya watu."

"Wasomaji watanikimbia."

"Mimi nimekimbiwa na kazi."

Makala ya pili iliitwa *Rachel Hayupo*. Aristides hakujificha. Aliandika kwamba alimbuni mwanamke ili amsifu mpenzi wake, na kwamba aliyedanganywa zaidi alikuwa mpenzi huyo. Kisha akashika kisu. Wimbo wa kwanza mrefu bila sababu. Katika wimbo wa pili ngoma zimemlalia mwimbaji kama gunia la mahindi. Ubeti wa mwisho wa wimbo wa tatu Silantoi anauimba *kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na sijui anamwogopa nani.* Kuhusu wa nne, alioimba bila ala yoyote, aliandika mstari mmoja: *Hapa mimi nanyamaza, usikilizeni ninyi.*

Silantoi alisoma huku machozi ya hasira yakimtoka. Gunia la mahindi! Halafu akausikiliza wimbo wa pili. Akausikiliza tena. Lo, gunia la mahindi kweli.

Wasomaji walimshukia Aristides kama siafu. Tapeli, walimwita. Walimshauri arudi kwenye saruji. Katikati ya matusi hayo palikuwa na maneno ya mtu aitwaye Sironka: *Mapenzi yenu hayanihusu, na wewe mwandishi huna aibu. Ila nimesimamisha gari pembeni ya barabara kusikiliza huo wa nne. Huyo dada aendelee.*

Moyo wa Silantoi uliruka. Papo hapo ukatua. Akapiga simu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kibuyu.

"Sironka ni nani?"

"Silantoi! Umepiga! Mungu wangu—"

"Nimekuuliza, Sironka ni nani? Ni wewe tena?"

"Simjui! Naapa kwa—"

"Usiape. Ulishaapa sana."

Hakuridhika. Alimwandikia huyo Sironka, akamwomba wazungumze. Jibu lilichelewa, likaja kama namba tu. Alipopiga, ikapokewa na sauti nzito ya mtu mzima, nyuma yake injini na watalii wakipiga kelele.

"Nani?"

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye yule mwimbaji."

"Marahaba. Niko kazini porini, mbele ya Karatu, binti, nina wageni na simba hawajaonekana. Unataka nini?"

"Nataka kujua kama unamfahamu Aristides."

"Yule mwongo? Nimfahamu nimekosa nini?"

"Na wimbo... ulisema kweli?"

"Wewe mtoto vipi? Wa kwanza sikuumaliza, unachosha. Wa pili makelele matupu. Huo wa nne nimempigia mama yangu kijijini nikamwekea simu karibu na spika. Sasa niache nitafute simba." Akakata.

Silantoi alikimbia hadi zizini, kanga ikimdondoka. Alimweleza mama yake yote, pamoja na kuchosha, pamoja na makelele matupu. Esther alisikiliza bila kuacha kukamua.

"Amekukatia simu?"

"Amenikatia, yeyo!"

"Hajakuuliza hata jina?"

"Hata!"

"Basi huyo ndiye shahidi," alisema Esther, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu lililokaa siku nyingi bila kazi. "Rudi kwa Meitamei ukazitengeneze hizo tatu."

Alizitengeneza. Ngoma zikashushwa, wimbo wa kwanza ukakatwa mkia. Ubeti uliomwogopa mtoto akauimba kwa kifua chote hadi Meitamei akavua vipokea sauti masikioni. Jioni aliporudi Olmotonyi, akamkuta mama yake anamenya ndizi uani. Akakaa karibu naye, akapiga simu.

"Nimeurudia ule ubeti."

"Ukoje?" Sauti ya Aristides ilikuwa ya mtu anayekanyaga barafu.

"Mzuri. Usiuandike. Wataandika wengine, wasipoandika basi. Nina swali moja, ukinizungusha nakata."

"Uliza, mamii."

"Utanioa, au bado unatafuta jina la kutumia?"

Kitu kilianguka, pengine kopo la misumari.

"Mimi ndiye niliyetaka kuuliza! Nimeshaongea na mjomba, nimeshaweka—"

"Sijauliza umeweka nini. Jibu."

"Nitakuoa, Silantoi. Mimi, Aristides. Ukinitaka."

Silantoi alifumba macho. Aliisikiliza sauti ile kama anavyopapasa mshono wa koti, akitafuta mahali palipochanika. Hakupaona.

Esther, ambaye alikuwa amesogeza kigoda chake hadi sikio lake likagusa simu, alishusha kisu.

"Mwambie arudie," alisema. "Sikusikia vizuri."